Mwaka Mke Wangu Alipokatazwa Kufunga

Ashukuriwe Mungu, aliyeupa mlima huu maji na akatuonyesha njia za kuyashusha mpaka mashambani. Bibi yangu aliyenilea alimwita Ruwa. Mimi nilijifunza kumwita kwa Kiswahili nilipoingia darasa la kipaimara, na kwa majina yote mawili amenisikia. Ndiye anayetoa chakula na ndiye anayetoa hamu ya kula, na anajua mwenyewe kwa nini wakati mwingine huondoa kimoja akaacha kingine. Sifa ni zake kabla sijasema lolote juu ya nyumba yangu.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa mwinjilisti wa mtaa, huku juu ya Kiboriloni, mahali ambapo lami inaisha na migomba inaanza kukutana juu ya njia. Nimefundisha vijana wengi maana ya kufunga. Niliwaambia kwamba kanisa letu halimlazimishi mtu, na kwamba kufunga si njia ya kumbembeleza Mungu. Mtu anajinyima kidogo ili ajione alivyo pale ambapo hakuna kitu cha kumtuliza. Nilisema vizuri, maana nilikuwa na chaki na ubao. Lakini mtu aliyefunga hasa nyumbani kwetu alikuwa mke wangu.

Kila Jumatano na kila Ijumaa ya Kwaresima alikunywa maji matupu tangu asubuhi mpaka jua linapoingia upande wa Meru. Alianza akiwa msichana, akaendelea alipokuwa bibi arusi, akaendelea akiwa mama wa watoto, akiacha tu miaka ile aliyokuwa mjamzito au ananyonyesha. Hakutangaza. Alikuwa amelishika sana lile fundisho kwamba anayefunga asikunje uso, bali anawe na kujipaka mafuta ili watu wasijue. Basi alikuwa na kikopo chake cha mafuta ya mgando. Siku za kawaida alijipaka mikono na miguu, uso akaugusa tu. Siku ya kufunga aliupaka uso mpaka ukang'aa kama jani la kahawa baada ya mvua.

Matokeo yake ni kwamba sisi wa nyumbani tulimjua tangu anapotoka chumbani. Watoto walipokuwa wadogo walinong'onezana, "Leo mama anang'aa. Msimuudhi alasiri."

Maana alasiri ilikuwa na mambo yake. Mwenyewe aliniambia siku moja, akiwa anafunga kilemba mbele ya kioo, "Asubuhi kila mtu ni mtakatifu, Baba. Subiri alasiri. Alasiri ndipo ninapokutana na mimi mwenyewe, na mama yule ana mdomo."

Alipomwona mama yule anakuja, alichukua mundu akaenda kukata majani ya ng'ombe. Alikata kwa nguvu, akarudi amebeba mzigo unaomzidi, na hasira imebaki huko huko mtaroni. Ng'ombe wetu walinenepa sana wakati wa Kwaresima.

Kuna jambo jingine inabidi nilieleze, maana ndilo lililokuja kutushika. Kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Akileta kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, anapiga funda moja, anakutazama, ndipo anakukabidhi. Wazee walisema ilikuwa kuonyesha kwamba hakuna ubaya uliotiwa humo. Siku hizi hakuna anayefikiria ubaya, imebaki heshima tu, lakini mtu akikupa bila kuonja utahisi kitu kimepungua. Kwa sababu hiyo, ikitokea shughuli kwenye siku aliyofunga, mke wangu aliomba kazi ya kumenya ndizi au kuosha masufuria. Kugawa alikataa kabisa. "Siwezi kumpa mtu kitu ambacho sijakionja," alisema, "na leo sionji." Nyumbani alipika kwa pua. Alisimama juu ya sufuria, akavuta mvuke, akaongeza chumvi kidogo, na chumvi ilikuwa sawa.

Mwaka uliopita, vuli ilipokuwa inaisha, alianza kunywa maji kupita kawaida. Akakonda. Gauni la kanisani likamlegea mabegani. Binti yetu wa mwisho, anayefundisha chekechea mjini, alipokuja kututembelea alimtazama mama yake mara moja tu na kesho yake akatupeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye adabu.

"Shikamoo bibi. Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

Alipima, akapima tena, akakaa chini akatueleza habari ya sukari bila haraka. Kisha akashika vidonge. "Bibi, hivi unameza pamoja na chakula. Unakula kidogo kidogo, mara nyingi, kwa saa zake. Usimeze ukashinda njaa. Sukari ikishuka ghafla utaanguka, na huko shambani nani atakuona?"

"Migomba," mke wangu akasema.

"Bibi!"

"Nimesikia, mjukuu wangu. Na Kwaresima je?"

"Hata Kwaresima, bibi. Wagonjwa wangu Waislamu nawaambia hivyo hivyo Ramadhani ikikaribia."

"Nao wanasemaje?"

"Wananitazama kama wewe unavyonitazama."

Tulishuka Kiboriloni ikiwa siku ya soko. Kwa kawaida mke wangu hapiti soko lile bila kusimama. Anajua kila mtu na kila mtu anamdai habari. Siku ile alipita katikati ya mafungu ya ndizi kama mtu anayepita kwenye nyumba ya watu wasiomjua. Tulipoanza kupanda njia ya nyumbani ndipo aliposema.

"Wewe ulistaafu ukapewa barua ya shukrani na blanketi. Mimi nimestaafishwa na mtoto mwenye kipimo."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nikaacha.

Kwaresima ikaingia. Jumatano ya Majivu alikunywa uji wake asubuhi akiwa amesimama karibu na dirisha, kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo. Mchana alikula robo ya alichowekewa. Hakulalamika, na kwa mtu kama yeye kutolalamika kulinitisha kuliko maneno. Wiki ile ikapita, na nyingine ikaanza.

Ijumaa moja nilitoka mapema kwenda kwenye kikao cha maandalizi ya harusi ya kijana wa jirani. Niliporudi, jua limeshavuka utosi, nilikuta kuku wamejazana kwenye bakuli nyuma ya jiko. Walikuwa wanadonoa uji. Nikaliangalia bakuli. Lilikuwa la mke wangu, lile la bluu.

Nilimwita, hakuitika. Nikashuka kihamba, shamba letu la migomba, mpaka karibu na mfereji, na hapo nikamkuta ameketi chini ya mgomba, mzigo wa majani pembeni, mundu umelala mapajani. Mikono inatetemeka. Uso wake ulikuwa uking'aa kama zamani, mafuta na jasho pamoja.

"Baba," akasema polepole, "mbona migomba inazunguka?"

Nilipiga kelele kuliko nilivyowahi kupiga madhabahuni. Akaja jirani yetu, mjane wa kihamba cha pili, anayeuza ndizi Kiboriloni na mwenye sauti ya sokoni hata akiwa kanisani. Alikuja na ndizi mbivu mkononi, akamenya moja, akamlisha kama mtoto, kisha tukamshika huku na huku mpaka nyumbani. Nikachemsha chai nikaijaza sukari. Mikono ikatulia taratibu.

"Dawa ulimeza?" nikamuuliza.

"Nilimeza. Daktari alisema nimeze."

"Alisema na chakula."

"Basi nilimsikiliza nusu."

Jirani akajifunga kitenge chake vizuri kiunoni akamtazama, akamwita mama kwa lugha ya kwetu. "Mae, huko mbinguni kuna nini mpaka unakimbilia hivi? Subiri zamu yako kama sisi."

Mke wangu alitabasamu kidogo. Lakini jirani alipoondoka aligeuka ukutani, na nikajua kwamba atafanya tena. Nimesimama kwenye makaburi mengi kwa kazi yangu. Najua jinsi jambo dogo, bakuli moja la uji, linavyoweza kumtoa mtu nyumbani kwake. Niliogopa. Sikutaka kubaki kwenye nyumba ile na kikopo cha mafuta kisicho na mwenyewe.

Jioni ile nikamwambia nilichokuwa nimekipanga. Nilikipanga kwa upendo na nilikiona ni cha busara sana. "Mama, kuanzia Jumatano nitafunga mimi kwa niaba yako. Siku zako zote. Wewe utakula, na tena sitaki uguse jiko, nitapika mimi. Mfungo wako hautapotea."

Aliyarudia maneno yangu.

"Kwa niaba yangu."

"Ndiyo."

"Baba, kufunga ni foleni ya benki? Utaniwekea nafasi, mimi nije baadaye nikute umefika dirishani?"

"Nataka upone."

"Najua unataka nini. Nakuuliza hivi: njaa ukiisikia wewe, mimi nitajiona wapi?"

Lakini Jumatano nilifunga hata hivyo, na nikaingia jikoni.

Naomba msomaji aelewe kwamba sikuwa mgeni kabisa wa jiko. Najua kuchemsha chai na kubanika mahindi. Mtori ni habari nyingine. Nilianza kumenya ndizi mbichi nikiwa na mikono mikavu, na kabla sijafika nusu ya chane utomvu ulikuwa umenigandisha vidole, ukawa mweusi hadi kwenye mikunjo. Kisu kikateleza. Nyama nikaiweka mapema, kisha nikaona labda nimeichelewesha. Na wakati wote huo harufu ikinijia usoni, nami tangu alfajiri sijala. Hapo ndipo alasiri iliponikuta. Niliukasirikia mwiko. Nilimkasirikia paka. Nilimkasirikia binti yetu mjini kwa kutokuwa jikoni. Nilishangaa mzee yule mwenye hasira alikuwa amekaa wapi miaka yote niliyokuwa nikifunga, nikakumbuka kwamba miaka yote hiyo nilifunga nikiwa nimekaa sebuleni na kitabu.

Nikaponda, nikapakua kwenye bakuli la bluu, nikampelekea mezani kwa mikono miwili. Saa ya dawa ilikuwa imefika. Alikuwa ameketi, mikono ameikunja kifuani.

"Karibu chakula, Mama."

"Asante. Onja kwanza."

Nilidhani sikuelewa. "Nimefunga."

"Najua umefunga. Onja kwanza."

"Mama, hii si mbege."

"Kitu kimetoka mkononi mwako kinakuja mkononi mwangu. Onja."

"Utaharibu mfungo wangu."

"Wangu au wako? Jumamosi ulisema ni wangu."

"Ilikuwa Ijumaa."

"Basi Ijumaa. Onja."

Nikaweka bakuli mezani nikasimama. Yeye akatazama nje ya mlango, kule ndama wetu alipokuwa anajikuna kwenye nguzo. "Miaka yote niliyofunga sikumgawia mtu," akasema bila kunigeukia. "Nilimenya, nikaosha, lakini sikugawa, kwa sababu sikuonja. Wewe umetaka kufunga na kugawa kwa pamoja. Chagua kimoja."

Mtori ulikuwa unapoa na kidonge kilikuwa kwenye kisosi. Nilijua hachezi, na nilijua kwamba akiinuka pale mezani bila kula siku ile, sitamrudisha kwa hotuba. Nilikuwa na mafundisho mengi juu ya nadhiri, na nilikuwa na mwanamke mmoja tu. Nikachukua kijiko. Nikachota, nikaonja, nikameza.

"Vipi?" akauliza.

"Hauna chumvi."

"Ndivyo daktari alivyosema?"

"Hapana. Nimesahau."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu hospitali, na katikati ya kicheko akavuta bakuli, akachukua kijiko kile kile, akaanza kula. Alikula vijiko vitatu au vinne, kisha akalisogeza katikati.

"Keti. Kula na mimi. Kidogo tu."

Nikaketi.

"Njaa siiogopi," akasema. "Tumezoeana. Ninachoogopa ni kukaa hapa mezani peke yangu kama mgonjwa, na ninyi mmesimama mnanitazama ninavyotafuna. Ungekula na mimi tangu siku ya kwanza, pengine kuku wasingepata uji."

"Sikujua."

"Hata mimi sikujua mpaka nilipokuona umesimama na bakuli, na mikono hiyo kama fundi gereji." Akala tena. "Lakini kuna jambo jingine, na hilo huwezi kunisaidia. Nilipofunga nilijijua. Kila mwaka nilijua nimepungua wapi na nimebaki wapi. Sasa nikila kwa saa za daktari, nitajijulia wapi?"

Kama angeniuliza hivyo nikiwa kazini, ningemjibu papo hapo, na jibu lingekuwa na vipengele. Siku ile mdomo ulikuwa umejaa mtori usio na chumvi. Nikanyamaza, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa heri yangu.

Jibu alilitafuta mwenyewe. Ijumaa asubuhi alitoka chumbani uso unang'aa. Nikadhani amefunga tena. Lakini alikwenda moja kwa moja mezani, akaketi, akasema, "Lete uji. Na kikombe chako."

Nikaleta, nikaonja, akanywa.

"Nimepata," akasema. "Unajua mimi sijawahi kukaa?"

"Kukaa wapi?"

"Mezani. Tangu nimeolewa. Nahudumia, naongeza, narudi jikoni, nakula kilichobaki nikiwa nimesimama. Kipande kizuri nampa mwingine kabla hakijafika mdomoni. Nilidhani ni upendo, na ni upendo, lakini jana usiku nilijiuliza kama ningeweza kuacha. Nikaona siwezi. Basi Jumatano na Ijumaa nitakaa. Nitakula nilichopewa, chote, nikiwa nimeketi, wala simwachii mtu. Na sitasema neno lolote juu ya jiko mpaka jua lizame."

"Neno lolote?"

"Lolote."

Wanaomjua mke wangu wataelewa uzito wa nadhiri ile. Kwake kuacha kula ilikuwa rahisi. Kuniona nakata vitunguu na kunyamaza ndiko kulikomtoa jasho. Nilimenya ndizi mbele yake huku nusu ya nyama ya ndizi ikienda na ganda, na yeye akaketi pale, midomo ameibana, mikono ameishika magotini kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Niliposhika ndizi ya pili kwa vidole vilivyoanza kugandamana, aliinuka akaenda chumbani. Akarudi na kile kikopo cha mafuta ya mgando, akakiweka mbele yangu, akarudi kukaa. Nikapaka mikono, na utomvu haukunishika tena. Kumbe ndivyo wanawake wote wa mlima huu wanavyofanya, nami nimekula ndizi maisha yangu yote.

Alasiri nilimuuliza, "Yule mama amekuja leo?"

"Amekuja."

"Amesemaje?"

"Ameona ulivyoosha sufuria. Nimemwambia akae."

Jua lilipozama nilipewa maneno yote kwa pamoja, kuanzia sufuria mpaka vitunguu, na tukacheka.

Nami mfungo wangu ukawa mdogo. Nilionja chake, nikala kiasi chake, kwa saa zake, wala sikuongeza. Ukiwa mwanamume mkubwa uliyezoea sahani ya mlima, kula kiasi cha mgonjwa na kuinuka mezani ukiwa bado unataka ni kazi. Lakini sikuwa na njaa peke yangu, wala yeye hakuwa na shibe peke yake.

Ikaja Ijumaa Kuu. Ibada ya siku hiyo kwetu ni ndefu, yanahubiriwa maneno yote ya msalabani, na watu wengi wa mtaa hufunga mpaka itakapokwisha, hata wale wasiofunga siku nyingine. Hilo niliwafundisha mimi, kizazi baada ya kizazi. Asubuhi nilimkuta mke wangu amevaa nguo nyeusi, ameketi kitandani.

"Baba, wewe nenda. Mimi nitabaki."

Hakuwahi kukosa Ijumaa Kuu. "Unaumwa?"

"Siumwi. Ila saa ya dawa itanikuta kanisani. Watu wote wamefunga, na mke wa mwinjilisti anatafuna magimbi. Hapana. Nitakula hapa na nitasali hapa."

"Au hutakula na utakuja."

Akanitazama, nikaona kwamba hilo nalo alikuwa amelifikiria.

Nikaenda jikoni. Nikachemsha magimbi, nikakata parachichi, nikafunga kwenye hotipoti, nikachukua chupa ya maji. "Tunakwenda wote," nikasema, "na hii inakwenda na sisi."

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Tulipata viti chini ya turubai, kati ya watu, na jirani yetu mjane yuko mbele yetu kidogo. Hubiri likaendelea. Jua likapanda. Nikaona vidole vya mke wangu vimeanza kucheza juu ya kitabu cha nyimbo. Nilimgusa kiwiko. Akatikisa kichwa. Nikamgusa tena, naye akafumba macho, kisha akafungua.

Nilifungua hotipoti mapajani pangu. Harufu ya magimbi ya moto, msomaji, inafika mbali kwa watu wenye njaa. Vichwa vikageuka. Kulikuwa na wazee wenzangu pale, na vijana niliowafundisha kipaimara, na akina mama wa umoja wa wanawake. Jirani yetu naye akageuka.

"Mae," akasema, na hata kunong'ona kwake kulisikika viti vitano, "leo?"

Mke wangu alikuwa ameshika kipande cha gimbi. Hakukipeleka mdomoni. Uso wake uliopakwa mafuta ulikuwa umeinama. Kisha akanigeukia akanipa kile kipande, akasema kwa sauti ndogo sana, "Onja kwanza."

Siku ya mtori alikuwa ananitega. Leo alikuwa ananiomba.

Nikakipokea. Nikakiinua mahali ambapo wote wanaona, nikauma, nikatafuna, nikameza, mimi niliyewafundisha wote kushinda njaa siku ile. Nikamrudishia. Akala. Akala chote, ameketi, akachukua kingine, akameza kidonge chake na maji.

Jirani yetu alitutazama mmoja mmoja. Kisha akainua kiti chake, akakirudisha nyuma mpaka mbele yetu kabisa, akaketi akiwa ametupa mgongo, akatandaza kitenge chake mabegani kama pazia. "Kuleni," akasema bila kugeuka. "Mgongo wangu ni mpana. Anayetaka kuona atazame msalaba." Na kwa kuwa sauti yake ni ile ya Kiboriloni, wengi walitazama msalaba.

Vidole vikatulia. Wimbo ulipoanza mke wangu alisimama akaimba beti zote.

Tulirudi nyumbani taratibu, hotipoti tupu mkononi mwangu. Kwenye daraja la mfereji alisimama kupumzika, akanitazama usoni, akaanza kutabasamu.

"Nini?" nikamuuliza.

"Umejifuta uso kwa mkono uliokatia parachichi. Unang'aa, Baba. Mtu akikuona atasema umefunga."

"Nimefunga?"

Alifikiri kidogo, kwa uzito, kama mtu anayejua kazi hiyo kuliko mimi.

"Umefunga," akasema. Akanishika mkono tukavuka.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie chakula kinachoutosha mwili wako na njaa inayokuonyesha moyo wako. Siku atakayokunyima kimoja kati ya hivyo, akupe mtu wa kuketi nawe mezani, atakayeonja kabla yako na kukwambia kweli kama chumvi haipo. Uso wako ung'ae, na nyumba yako iwe na amani. Amina.